Mwanya wa Upande wa Watu

Usiku wa jana Fundi Tusekile Mwambungu hakuota chochote, maana alikuwa kazini. Ndoto yake ilimsubiri nyumbani kwa adabu mpaka saa nne asubuhi, alipotoka zamu, akanawa miguu, akanywa uji na kujilaza huku pazia limefungwa nusu. Walimwengu husema ndoto za mchana ni za wavivu. Nawaomba wanyamaze kidogo, maana hii ilikuwa na kazi nyingi kuliko zamu aliyotoka.

Kwanza mjue alilala na nini moyoni. Kiwanda chao kiko nyanda za juu, ambako ukungu huingia ndani bila kupiga hodi, na humo mna mashine moja ndefu ya kutengeneza karatasi. Mwanzoni mwa mashine unaingia uji wa miti, mwishoni inatoka karatasi. Katikati, karatasi ikiwa bado mbichi, hubebwa na blanketi pana linalozunguka bila kupumzika, na blanketi hilo hupita juu ya sanduku la kufyonza maji. Sanduku lina kifuniko cha plastiki ngumu chenye mianya mirefu. Pampu ikivuta, maji hutoka kwenye blanketi na kuzama ndani ya mianya.

Shida ni kwamba kifuniko kilikuwa kikilika upande mmoja. Upande wa mota kilibaki kama kilivyotoka dukani. Upande wa watu, yaani ule wanakosimama waendeshaji, kilichimbika mpaka mianya ikapanuka. Kwa hiyo karatasi ilitoka na mstari wenye unyevu, na penye unyevu ndipo ilipokatika.

Vifuniko vitatu vilikuwa vimekufa hivyo ndani ya mwaka mmoja. Cha nne, cha mwisho stoo, Tusekile alikifunga mwenyewe usiku ule, akakisawazisha kwa pimamaji lake mpaka kiputo kikatulia katikati. Asubuhi, kabla ya kukabidhi zamu, alipitisha kiganja chini ya kifuniko. Upande wa mota palikuwa pa baridi. Upande wa watu palikuwa pa moto. Mwenye kujua vyuma hahitaji kuambiwa zaidi: kimeanza kuliwa, na saa hadi saa kinazidi kuliwa. Kingine kingetoka ng'ambo baada ya miezi sita, na mashine ikisimama miezi sita, watu themanini wanarudi makwao, na yeye pamoja nao. Tena Meneja Chengula alikuwa ameshabandika tangazo kwamba saa nane mchana atasoma uamuzi wa uongozi. Tusekile alilala na hofu, na tusimfiche, alilia kidogo kwenye mto kabla usingizi haujamchukua.

Akajikuta yuko getini.

Mlinzi si yule wa siku zote. Ni pimamaji lake mwenyewe, limesimama wima, refu kama mlango, na kile kiputo cha hewa kimekuwa jicho linalotembea huku na huku. Linampa shikamoo, kwa kuwa yeye ndiye aliyelinunua, naye anaitikia marahaba. Kisha linamwarifu kwamba leo haingii mtu aliyelika upande.

Linapima viatu vyake. Kisigino cha kulia kimelika milimita tatu zaidi ya cha kushoto. Anaambiwa avivue, anavivua. Mbele yake kwenye foleni wapo mume na mke waliooana miaka thelathini, na ndoa yao imewekwa mezani ipimwe. Imelika upande wa mke mpaka meza inaonekana. Wanarudishwa. Mume anashangaa kwa dhati kabisa, anasema yeye hakuwahi kusikia kelele yoyote.

Tusekile anaona hapa ndipo pa kuulizia jambo lake. Analiambia pimamaji kwamba vifuniko vyote vinne amevisawazisha kwa kulitazama lenyewe, hakukosea hata unywele, sasa mbona vinalika upande?

Jicho linasimama katikati.

"Fundi, mimi naitwa nani?"

"Pimamaji."

"Mwaka mzima umenipimisha plastiki na vyuma. Ni siku gani umenipimisha maji?"

Tusekile anaitafuta siku hiyo kichwani, haioni. Anapekua hata mifuko ya ovaroli. Pimamaji halimsuti, linamwandikia kibali kwenye kiganja, kwamba aruhusiwe akaulize kinywani. Geti linasogea pembeni kama pazia, na kweli ni pazia, kwa sababu wameshaingia zahanati ya meno.

Kwenye benchi wameketi wagonjwa: msumeno, reki, kitana na gia mbili zilizoshikana mashavu. Nesi ni lile blanketi la mashine. Limelowa, linatiririka sakafuni, na linapanga mafaili huku likilalamika kwamba limezaliwa blanketi lakini halijamfunika mtu hata siku moja. Linamshika Tusekile mkono na kumwambia daktari amechelewa. Tusekile anamtafuta huyo daktari aliyechelewa, kumbe ni yeye.

Kwenye kiti amelazwa Bibi Mianya.

Ni kifuniko chenyewe, kile cha mwisho, ila kimekuwa bibi wa makamo mwenye urefu wa mita nne. Miguu imetokea dirishani. Ana mianya kumi na miwili. Mnajua mwanya mmoja tu kati ya meno ya mbele unavyomwozesha binti wa watu, basi piga hesabu mwenyewe. Na anajua kwamba ni mzuri. Tatizo lake ni kwamba anaongea kwa kuvuta pumzi, kwa hiyo maneno yake hayatoki, yanaingia. Ukitaka kumsikia sharti usogee mpaka mdomoni na kuyadaka yakiwa njiani. Tayari amemeza kalamu ya nesi na faili la mgonjwa.

"Shikamoo, bibi," anasema Tusekile.

"Marahaba" inatokea nyuma ya kisogo chake, inapita kando ya sikio na kuzama kinywani. Kilemba cha Tusekile kinaifuata.

Bibi Mianya hana maneno mengi. Anasema dada zake watatu walifia mikononi mwa fundi huyu huyu, kila mmoja amesagika upande ule ule, naye hakuja kulaumu, amekuja kufa kwa zamu yake. Kusikia hivyo Tusekile anaumia kama mtu aliyeambiwa jambo la nyumbani kwake. Anaomba taa, anachungulia. Upande wa mota meno ni mazima, yanang'aa. Upande wa watu yameanza kuwa mafupi, na ukigusa yanaunguza.

"Bibi, unatafunia upande gani?"

"Pande zote. Ila upande wa mota chakula kinakuja na maji, kinateleza chenyewe. Upande wa watu kinakuja kikavu. Huko sitafuni, mwanangu. Huko nasaga."

"Mbona hukusema?"

"Mimi ni mgeni, nimetoka ng'ambo. Mgeni haombi maji, hupewa. Nanyi mna msemo wenu, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Dada zangu walipewa jembe siku ile ile waliyoshuka kwenye lori, na wamezikwa nalo."

Nesi anafungua kabati. Majembe matatu yamo humo, yamefungwa lebo zenye namba za stoo. Tusekile anaona haya, uso wake unawaka. Kwao mgeni hapiti mlangoni bila kupewa maji, hata kama ni mgeni wa jirani aliyepotea njia, na yeye amewaua watatu kwa kiu. Anakimbilia bomba la kunawia mikono, analifungua kwa nguvu. Bomba linatoa king'ora.

King'ora ni cha saa nane, na zahanati ni uwanja wa mpira wa kiwanda.

Wafanyakazi themanini wameketi kwenye nyasi, kila mmoja juu ya sanduku lake la nguo, limefungwa kamba tayari kwa safari. Bibi Mianya amelazwa golini, kutoka mlingoti hadi mlingoti. Katikati ya uwanja anatokea Meneja Chengula. Leo ni karatasi. Anafunguka kutoka kwenye roli lake, mweupe, mpana, miwani ikiwa mwanzo wa ukurasa, na maneno yake yanajiandika kadiri anavyopita juu ya meno ya bibi.

"Ndugu wafanyakazi," anasema, "uongozi umeamua kufung—"

Anakatika.

Watu wanane wanaruka, wanamlowesha ncha, wanamuunganisha, wanamrudisha mwanzo. Hiyo ndiyo kazi yao ya kila siku, wala hawaulizi. Meneja anakohoa kidogo na kuanza tena. Ndugu wafanyakazi, uongozi umeamua kufung— na anakatika pale pale. Mara ya tatu vilevile. Hakuna anayeuliza neno linaishia wapi. Neno likiisha kufika "kufung", na watu wameketi juu ya masanduku, kila mmoja analimalizia mwenyewe moyoni: kufunga. Watu wawili nyuma wameshaanza kuagana.

Na kila meneja anapokatika, Bibi Mianya anapungua. Moshi unamtoka upande wa watu. Umebaki unene wa kucha. Tusekile anaona wazi kwamba bibi huyu akiisha wameisha wote, na kwamba hakuna mwingine wa kumtibu.

Anapiga magoti golini. Pimamaji, ambalo limemfuata, linajilaza kwenye ufizi na kusoma kwa sauti: upande wa mota, maji tele, upande wa watu, maji hakuna. Tusekile anaingiza mkono kwenye mwanya wa mwisho. Pampu inamvuta mpaka begani, shavu linabanwa kwenye jino, lakini anapapasa. Anaugusa mpira wa maji, ule unaopaswa kunyunyizia blanketi upande wa watu lisije likakwaruza kifuniko. Upo mahali pake. Mdomo wake umezibwa.

"Nani humo?" anauliza.

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Gunzi."

Ndiyo, gunzi la mahindi. Lina sauti nzito ya mtu aliyeketishwa mahali na kuambiwa asiondoke.

"Unafanya nini ndani ya mpira wa maji?"

"Nazuia maji."

"Kwa amri ya nani?"

"Ya chai. Maji yalikuwa yanarukia benchi mnapokunywa chai. Huku kuna baridi, chai ikipoa watu watakunywa nini? Tena mimi nimesoma kibao, kimeandikwa upande wa watu. Hakikuandikwa upande wa kifuniko."

Uwanja wote umesikia. Kwenye safu ya mbele anasimama Mzee Kihwele, mwendeshaji wa miaka ishirini na tano, kakumbatia chupa yake ya chai. Anasema bila kuulizwa kwamba lilikuwa gunzi dogo tu, kwamba aliliweka msimu wa baridi uliopita akidhani maji yale ni ya kusafishia, na kwamba hakunywa peke yake. Kisha, kwa heshima zote, anamwomba fundi afungue kinywa.

Tusekile anafungua. Ndani ya kinywa chake mna vikombe mia tatu vya chai, vimepangwa safu kwa safu, vyote vya moto. Alivinywea pale pale kwenye benchi, kila zamu, matako makavu, na hata siku moja hakujiuliza kwa nini kiti kimoja tu katika kiwanda kizima cha maji ndicho kilichokuwa kikavu. Alipima kila kitu isipokuwa pale alipokalia. Angetamani ardhi immeze, lakini ardhi nayo ilikuwa kwenye mkutano.

Anarudi kwa gunzi na kuliomba litoke.

"Nikitoka mtalowa," linasema.

"Tutalowa."

"Chai itaingia maji."

"Tutakunywa hivyo hivyo."

"Unasema wewe, fundi. Wenyewe wamesema?"

Ni swali la haki. Tusekile anageuza shingo kadiri jino linavyomruhusu na kuwauliza wenzake nani yuko tayari kulowa. Baridi ya huku juu si ya kusimuliwa, na ukungu nao umekaa kwenye nyasi kusikiliza. Mzee Kihwele anaitazama chupa yake kwa muda mrefu. Halafu anaiweka chini, anavua koti, analikunja vizuri na kuliweka juu yake. Wa pili anavua. Masanduku yanaachwa. Themanini wote wako golini kwa mashati, wameshikana viuno, na wa mbele kabisa ameshika kiuno cha Tusekile.

Wanavuta. Pampu inavuta kwake, wao wanavuta kwao. Gunzi linahesabu kwa sauti, moja, mbili, kama refa. Meneja Chengula amesimamisha sentensi yake. Nesi Blanketi, kwa mara ya kwanza maishani, anamfunika mtu: anamwekea Tusekile pembe moja mgongoni asipate baridi. Mara kiganja cha Tusekile kinajifunga kamili, na gunzi linatoka.

Maji yanakuja. Yanapanda juu ya mashine, juu ya uwanja, na kuanguka upande wa watu kama yanavyoanguka upande wa mota, sawasawa, tone kwa tone. Pimamaji linasoma, linasoma tena, linavua jicho lake na kulifuta. Bibi Mianya anakunywa. Anakunywa kwa ajili yake na kwa ajili ya dada zake watatu. Moshi unakata. Meno yanapoa, na anapomaliza anafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya: anatoa pumzi nje. Kinatoka kilemba cha Tusekile, inatoka kalamu ya nesi, linatoka faili, inatoka na ile marahaba. Halafu bibi anapiga kigelegele kwa mianya yote kumi na miwili, kila mmoja na sauti yake, mpaka misonobari mlimani inageuka kutazama.

Juu ya kigelegele hicho anapita Meneja Chengula. Anateleza. Haendi upande, halowi mstari, hakatiki.

"Ndugu wafanyakazi, uongozi umeamua kufungua."

Hapo anapumua, maana hajawahi kulifikia neno hilo. Kisha hakamatiki. Uongozi umeamua kufungua maji pande zote mbili. Umeamua kufungua masanduku ya nguo, na wenye kamba warudishe kamba. Umeamua kufungua yale majembe lebo zake yakalime bustani. Anaendelea kufungua, kilomita moja, kilomita mbili, karatasi safi isiyo na doa, anavuka uzio, anavuka barabara, anapanda mlima, na sauti yake inakuwa ndogo kwa mbali ikifungua hiki na kile. Watu wanacheka na kulia, wamelowa chepechepe. Wanamwinua Tusekile juu, arobaini upande huu, arobaini upande ule, na pimamaji linatembea pembeni kuhakikisha haendi mshazari. Moyo wake umejaa. Hajawahi kufurahi hivyo tangu aajiriwe, na anataka kuwaambia, ila simu inalia.

Simu ilikuwa ikilia kweli, chini ya mto. Jua lilikuwa limeingia kwa nusu ile ya pazia iliyoachwa wazi. Saa saba kasorobo.

Alikuwa Mzee Kihwele. Akamsalimu kama anavyosalimu siku zote, akauliza habari za usingizi, akauliza na hali ya hewa ya huko nyumbani, umbali wa mwendo wa dakika kumi. Ndipo akasema kuna jambo kiwandani. Tangu saa sita karatasi haijakatika hata mara moja. Ameweka kiganja chini ya kifuniko kama alivyoona fundi anafanya, na ni baridi pande zote mbili. Meneja amekuja akaweka cha kwake, akaenda ubaoni na kubandua lile tangazo.

Tusekile akakaa kitandani.

Lakini hayo, mzee alisema, siyo aliyopigia. Amepigia chai. Benchi lote limelowa, wameshindwa kukaa, na chai yenyewe imeingia maji, haina ladha.

"Nani kafungua, fundi? Maana pale, mimi najua, pale hapafunguki hivi hivi."

"Pale pana nini, mzee?"

Mzee Kihwele akakohoa. Kikohozi kilikuwa kirefu, cha mtu anayetafuta pa kuanzia. Tusekile akataka kuhamishia simu mkono wa kulia aweze kusikia vizuri, na ndipo alipogundua kwamba mkono huo ulikuwa umefumba ngumi tangu alipoamka, na kwamba shuka chini yake limelowa. Akafumbua vidole kimoja kimoja. Kwenye kiganja palikuwa na gunzi dogo, jeusi kwa kukaa majini, bado linadondosha.

"Kunyweni hivyo hivyo, mzee," akasema. "Nakuja kunywa na nyie."